Mzungu Aliyeachwa na Mke, kwa Sauti Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimetia sauti ya Kiswahili vipindi vitatu vya kizungu kabla ya lanchi. Dandora nzima hakuna DJ wa kutafsiri video wa kunifikia. Shule niliachia Fomu Two. Kizungu nashika nusu, nusu nabuni. Kibanda cha video hujaa kwa ile nusu yangu.

Hivi vipya ni vichekesho vya kitambo vya Uingereza. Jamaa kaachwa na mke. Kila wiki anaenda kwa huyo mke, eti anarudisha sufuria. Mwanaume mzima, machozi kwa chai. Upuzi. Na kicheko wameweka ndani, watu wajue pa kucheka.

Jumatano, 5 Machi
Maneno yaliniishia. Nikachukua ya mzee wangu. Mama alituacha Disemba, anauza mitumba Njiru. Mzee humpigia kila jioni mbele yangu, bila haya: "Mama Brayo, ule mlango wa kabati nimetengeneza. Kuja tu uone."

Kabati! Maneno hayo nikamtia mzungu mdomoni. Watu wakalia kwa kicheko. Mimi ni noma.

Alhamisi, 6 Machi
Flashi yenye kipindi changu imefika Njiru. Mama kapiga simu.
"Brayo, nilikuwa nacheka na wateja, nikasikia kabati langu."
Nikamwambia hiyo ni sanaa.
"Sanaa gani, baba? Sasa wewe mwenye mdomo, mwambie mzee wako sirudi. Asinitengenezee kitu tena. Mimi nikimwambia hasikii."

Mimi si tarishi. Nafika nyumbani, mzee kanunua rangi ya kabati. Kijani, ile mama anapenda. Mjinga kabisa. Sijamwambia. Si woga. Sijataka tu.

Jumamosi, 8 Machi
Mzee kaja kibandani. Benchi la mbele, kucha za kijani. Nilitaka kuweka ya karate. Watu wakapiga kelele, "Kabati! Kabati!" Nikaweka.

Wote wakaangua kicheko. Mzee pia, kachelewa kidogo. Halafu akaangalia maiki yangu. Akitoka akasema, "Kazi safi, kijana."

Heri angenizaba kofi. Hata hasira hana.

Jumapili, 9 Machi
Asubuhi kibanda kitupu, watu wako kanisani. Mzee akaingia.
"Weka kipindi cha mwisho. Bila sauti yako."

Mke wa mzungu alisimama mlangoni na sufuria. Aliongea polepole. Leo nilishika kila neno.
"Anasema nini?"
Ningebuni. Ndiyo kazi yangu.
"Anasema harudi. Asimtengenezee kitu tena."

Kile kicheko cha wazungu kikalia peke yake.
"Mama yako alikwambia lini?"
"Alhamisi."
Akatikisa kichwa. Tukatazama mpaka majina ya waigizaji yakaisha.

Jioni amemalizia kupaka kabati. Rangi yenyewe mbaya. Nimemshikia mlango akipaka.