Picha za Jicho la Mama Kulwa

Shikamoo, Mama Kulwa.

Nimeanza na salamu kwa sababu mkono haukujua mahali pengine pa kuanzia. Ijumaa ile tulifunga chumba cha mashine pamoja. Jumamosi asubuhi nikapigiwa simu kwamba umeanguka sokoni Mkuyuni ukichagua dagaa, na kabla sijafika hospitali ulikuwa umeshaondoka. Walisema mshipa umepasuka kichwani. Nikawaambia wamekosea mtu. Jana yake nilikuwa na wewe, mzima.

Chumba chetu cha mashine bado kinatumiwa na kila mtu pale chuoni: wanafunzi wanaochunguza samaki furu anavyoona kwenye maji machafu ya ziwa, madaktari wa macho na wagonjwa wao wazee, na yule dada anayepima macho ya watoto. Bado wanagombania zamu, ila hakuna tena wa kuwanyamazisha kwa kufunua daftari la zamu tu na kuweka kidole kwenye jina. Wiki iliyopita watu wa furu waliacha ndoo yao mezani, chumba kikanuka siku mbili. Wewe ungewafukuza. Mimi nilifungua dirisha.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya ndoo.

Unakumbuka kila asubuhi, kabla watu hawajaingia, ilibidi kamera ya kupigia picha ndani ya jicho ijaribiwe kwa jicho la mtu. Mimi nilikuwa napepesa mno, ukasema, "Mwanangu, acha niweke kidevu mimi, wewe bonyeza." Ikawa hivyo mwaka mzima. Nabonyeza, naangalia kama picha imetulia na mwanga umeenea, kisha naandika chini yake neno moja: safi. Unaniuliza kama imetoka, nakujibu imetoka, tunaenda kunywa chai.

Wiki ya pili baada ya mazishi mashine ikaonyesha imejaa. Nikafungua picha za majaribio nizifute. Daktari Bwire, ambaye zamu yake ndiyo ya kwanza kila siku, alikuwa nyuma yangu akisubiri. Akaniuliza mgonjwa huyu ni nani, na anatibiwa wapi. Nikamwambia si mgonjwa, ni Mama Kulwa, ni picha za kujaribia tu.

Akavuta kiti akakaa. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu: michirizi midogo ya damu, madoa meupe kama pamba, na kule nyuma ya jicho unakoingia mshipa wa fahamu, ukingo umefifia kwa kuvimba. Akarudi nyuma picha moja moja. Michirizi ikapungua, ikapungua, mpaka kabla ya masika tukakuta jicho lisilo na kitu.

"Hii ni presha, Neema," akasema. "Presha kali. Ilikuwa inaonekana."

Na chini ya kila picha, neno langu. Safi. Safi. Safi.

Mama Kulwa, kama nisingekuwepo ningejisamehe. Nilikuwepo kila siku. Niliitazama picha, sikulitazama jicho. Daktari akasema kwamba kila asubuhi alipoingia aliikuta picha yako kwenye skrini, akaifunga ili afungue kazi yake. Mtu aliyesomea macho miaka yote ile. Akatoka bila kufanya alichokuja kufanya.

Sikujua kama nimwambie mume wako. Nilizunguka na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne nikaenda kwenu Buhongwa, nikamweleza Baba Kulwa yote, pamoja na lile neno nililokuwa naandika. Nilitegemea anifukuze. Akaniambia ulikuwa ukilalamika kichwa tangu mvua zianze, ukisema ni taa za mashine, ukimeza dawa za maumivu za dukani. Kisha akasema, "Na mimi ndiye niliyekuwa nazinunua." Tukakaa. Mwanao Doto alileta maji, hakuna aliyeyanywa.

Sasa kuna kipimo cha presha mlangoni, na picha ya majaribio haifungwi mpaka daktari aisome na kuweka sahihi. Kidevu naweka mimi, nimejifunza kutopepesa. Za kwako sijazifuta. Nimewaambia wakubwa watafute nafasi kwingine. Kuna asubuhi nageuka kukuuliza kitu, mdomo umeshafunguka, ndipo nakiona kiti kitupu, na mshtuko unaanza upya kana kwamba simu ndiyo kwanza inaita.

Jumamosi nilimpeleka Baba Kulwa akapime presha. Alikataa, nikamwambia siondoki. Yake pia iko juu. Amepewa vidonge, na tayari ananiambia anajisikia vizuri, haoni sababu ya kuvimeza.

Basi pumzika, Mama Kulwa. Ninachokuahidi ni kidogo, na ninakiweza: kila Jumamosi nitafika Buhongwa, nitamwomba alete pakiti, nihesabu mwenyewe vilivyobaki. Sitamuuliza tu kama amemeza. Nitaangalia.

Neema