Taya la Mto Matandu

Njinjo, 9 Juni 1975

Kaka Hasani, bwana mkubwa wa Lindi,

Shikamoo, kama bado unaitikia za sisi tulioishia darasa la tano. Mimi mzima, tena siku hizi ni bingwa wa mifupa. Maji ya Matandu yakipungua naokota meno yaliyogeuka mawe, na hata mwalimu huja kuniuliza ni ya mnyama gani. Kipimo changu ni ulimi: nalamba, likinata ni la kale sana, lisiponata ni la juzijuzi.

Jumatatu niliokota taya chini ya kijiji chetu cha zamani, kile ulikokuja na lori kutuhamisha. Nikalilamba huku nacheka. Halikunata. Meno ya mbele yamechongwa na moja limekatika, lile ulilomvunja mama kwa mchi utotoni mwako.

Mto umekula makaburi yote, kaka. Siku ile ya lori, tulipogoma kuyaacha, ulituambia, “Pandeni! Wafu hawahitaji zahanati.” Kweli, hawahitaji.

Taya nimelizungushia shuka langu jeupe, nimelizika nyuma ya nyumba. Njoo tumtafute mama aliyebaki mtoni kabla ya mvua. Usipokuja, watu wakikuuliza kazikwa wapi, utawajibu mwenyewe.

Mdogo wako asiye na cheo,
Likwata