Meno ya Chiriku

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu hapo ulipo, najua uko kwenye cherehani. Shemeji hajambo? Kikohozi chake kimemwachia alale? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Tulionana Jumamosi tu, lakini ana kwa ana ulimi wangu ungekwama, ndiyo maana naandika. Isome hadi mwisho kabla hujaichana.

Kazi ya kliniki ya meno ni ileile: kushika taa, kuosha vifaa na kung'atwa vidole na watoto wa watu. Wiki iliyopita tulikagua darasa la pili la shule moja. Kati ya watoto sitini, kumi na wawili walikuwa na magego yenye mabaka, mengine meupe kama chaki, mengine ya kahawia, yanamomonyoka. Nilidhani daktari atawagombeza kwa peremende. Wala. Alinieleza kwamba enameli, lile gamba gumu la juu ya jino, hujengwa mtoto akiwa mchanga, jino likiwa bado limejificha ndani ya ufizi. Ikivurugika wakati huo haijirekebishi tena, hata mtoto apige mswaki kutwa nzima. Alitaja kuzaliwa kabla ya siku, lishe duni, maji yenye floraidi nyingi, na homa kali za utotoni. Alisema mara nyingi ni vigumu kujua chanzo ni kipi, na kwamba akina mama wengi hulaumiwa bure.

Hapo nikamkumbuka Chiriku wetu na mabaka yake. Mwaka jana ulipomleta kung'olewa gego, daktari alikuuliza kama aliwahi kuugua sana kabla hajatimiza mwaka. Ukaapa kwamba hata mafua hakupata, ukamwambia aniulize mimi niliyekulelea mtoto ulipolazwa kwa upasuaji. Nilikuwa nimeshika taa. Nikaitikia kwa kichwa kwamba hakuugua, naye akakushauri upunguze sukari na usimamie mswaki.

Tangu hapo unamchapa kwa uvivu wa kupiga mswaki, na mama mkwe wako anakusimanga kwa malezi. Jumamosi nilimkuta Chiriku bombani akipiga mswaki mara ya nne, povu limechanganyika na damu. Aliniuliza, mama mdogo, ni lini yatakuwa meupe ili mama asimwonee haya. Mtoto aliyekuwa akiongea hata usingizini, siku hizi anaongea kafunika mdomo kwa kiganja. Nililia njia nzima.

Dada, aliugua. Siku sita alichemka, akatapika, akakataa hata uji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshajigamba kwamba kulea nakuweza, kwa hiyo zahanati nilimpeleka siku ya tano. Kila saa ya kutazama wagonjwa nilikuja kitandani kwako nikakwambia mtoto mzima, anakula, anacheza. Mwanzo nilihofia kidonda chako. Ulipotoka ukanisifu mbele ya ukoo, nami nikanogewa na sifa. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika miaka saba.

Siwezi kuapa kwamba homa ile ndiyo iliyoharibu meno. Najua tu kwamba daktari aliuliza, nami nikadanganya.

Wasalimie wote, mkweo msomee barua hii, nimeridhia. Kunigombeza utanigombeza, ni haki yako. Ila kwanza nenda kwa Chiriku, mshushe kile kiganja mdomoni, umwambie unajua kwamba mswaki alikuwa akipiga.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwachia mtoto.