Uji wa Mbegu

Dada Kabula,

Huku Kasoli mvua ilinyesha jana kutwa. Ardhi nyeusi inanata hadi kiatu kinabaki nyuma. Nilifika kwa shangazi Minza asubuhi bila kupiga simu. Tukaamkiana, "Mwangaluka, mwangaluka," nikaketi jikoni, akanipa uji wa mtama, mzito, wenye harufu ya moshi. Nilimaliza kikombe kizima. Ndipo nikamweleza kilichonileta: mbegu ya ule mtama mrefu aliokuwa akipanda marehemu mama, ambao kwa majirani wote umeshapotea.

Shangazi akatazama juu ya mafiga. Palikuwa na masuke mawili yamening'inia kwenye kamba, meusi kwa moshi.

"Jana yalikuwa matatu," akasema. "Moja umeshalinywa."

Nikakiweka chini kikombe kitupu. Mwaka jana hapo kwake walilala njaa chini ya masuke hayo na hakuna aliyeyagusa.

"Sisi ni wenyeji, tulivumilia," akasema. "Wewe ni mgeni, na unga ulikuwa umekwisha."

Amenipa moja nikuletee, amebaki na moja. Anasema ulipande mbali na mtama wa dukani, usije ukachanganyika, na ukivuna umrudishie suke lake.

Nakuombea mvua ya kutosha huko Kongwa, dada yangu. Nami nikija kukuona kabla hujapanda, nipe maji tu.

Mdogo wako,
Masanja