Safari ya Watu Wawili Jangwani

Alhamisi, 15 Februari

Waliohudhuria chakula cha jioni, kwa kufuata hadhi: mke wangu Naomi, mwenye safari, ramani ya magharibi ya Marekani, iliyotwaa nafasi ya sahani, na mimi, mtumishi wao. Ugali tumeulia magotini.

Naomi anastaafu mwishoni mwa Aprili. Amekuwa muuguzi katika jiji hili tangu binti yetu Imani alipokuwa wa kubebwa. Hataki sherehe. Hataki keki wala saa ya ukutani. Anataka jangwa. Tutatoka hapa North York kwa gari, tuvuke mpaka wa Marekani kule Windsor, tuikate nchi hadi Utah: Arches, Canyonlands, Capitol Reef. Hifadhi tatu, majuma mawili, watu wawili.

Nimemwuliza kwa nini jangwa na si bahari. Amenikumbusha kwamba kabla hatujaoana alifanya kazi katika zahanati ya misheni kaskazini mwa Marsabit, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Hilo nalijua. Akaongeza nisilolijua: tangu aondoke huko masikio yake hayajapumzika. Wodini kila mashine ina kengele yake.

"Nataka kwenda mahali ambapo hakuna kitu kinachoniita," amesema.

Nimeinakili sentensi hiyo kwa sababu imejengeka vizuri.

Jumamosi, 17 Februari

Theluji tangu alfajiri. Tumekaa ndani na kupanga.

Nimesoma kwamba mwezi Mei mchana wa huko ni mkavu na usiku una baridi kali. Vituo vya mafuta vimeachana mbali. Maji yabebwe garini. Sehemu kubwa ya Canyonlands simu hazishiki. Hili la mwisho nililitaja kama hatari. Naomi aliliwekea alama ya penseli, kama mtu aliyeipata hoteli nzuri.

Tumecheka pia. Anasema Wagabra aliowatibu Chalbi wangeshangaa kusikia kwamba kuna lango, na mlinzi langoni, na watu wanalipa ili waingie kutazama ukame.

Siku njema. Hatukuwasha redio.

Jumapili, 25 Februari

Baada ya ibada, chai na mandazi katika ukumbi wa chini. Mchungaji aliniomba niseme machache kuhusu kustaafu kwa Naomi. Naombwa mara nyingi. Harusi, matanga, karamu za kufuzu: kipaza sauti hunijia chenyewe.

Nilianza na Mchungaji, nikaja kwa Mzee Gideoni, mlezi wa jumuiya yetu ya Wakenya, nikawatambua akina mama, wazee wa kanisa na vijana. Itifaki ikazingatiwa. Kisha nikaitaja safari. Nikasema jangwani ndiko watu wa Mungu walikofundwa. Ukumbi ulinyamaza ule unyamavu ninaoupenda. Nikaendelea. Nikasema ni nani kati yetu asiyehitaji jangwa lake. Wakapiga makofi, na Mama Salome akasimama akasema kwamba yeye analihitaji, na mumewe analihitaji zaidi.

Wakenya wawili wakikutana huulizana kwao ni wapi. Wakiwa watatu huunda kamati. Kabla birika halijaisha, mimi nilikuwa mwenyekiti, Mama Salome katibu, Mzee Gideoni mlezi. Sikukataa. Nilifurahi, nakiri.

Naomi ndiye aliyeendesha gari tukirudi. Barabara ilikuwa na barafu. Nilidhani ndiyo sababu ya kimya chake.

Jumatatu, 26 Februari

Kuna kundi la WhatsApp. Linaitwa Jangwani Pamoja. Simu yangu imetikisika mezani tangu asubuhi hadi ikajisogeza yenyewe ukingoni.

Mama Salome ameuliza kama hifadhini kuna mahali pa kuchomea nyama. Mwingine ameuliza kama mbuzi anaweza kuvuka mpaka akiwa amekatwakatwa. Mtu amejibu kwamba avuke mzima, atatangulia kwa miguu. Vicheko.

Naomi ameongezwa kwenye kundi. Hajaandika neno. Nimemwona akigeuza simu yake kifudifudi na kuiwekea kitambaa cha meza juu.

Jumamosi, 2 Machi

Kamati imeketi sebuleni kwetu. Nimeongoza vizuri. Ajenda imefuatwa.

Tumekubaliana kukodi magari matatu makubwa. Fulana zitakuwa za rangi ya mchanga. Mume wa Mama Salome atabeba spika, ili nyimbo za sifa zisikike magari yote yakisimama. Mzee Gideoni alipendekeza tupitie Las Vegas ili tuione na kuikemea. Mama Salome akamwuliza atahitaji siku ngapi za kukemea. Mzee alisema mbili, na hakuwa anatania.

Kisha likaja suala la afya. Wapo wenye shinikizo la damu, yupo mwenye sukari. Mama Salome akasema Mungu hatuachi: tunaye Naomi. Apande gari la mbele na sanduku la dawa, awapime watu kila asubuhi kabla ya kuondoka. Muuguzi wa msafara. Pendekezo likaungwa mkono.

Niliyeliunga mkono ni mimi.

Naomi alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alilisikia lote. Aliweka sinia, akamkaribisha kila mtu kwa jina, akaingia chumbani akafunga mlango bila kuubamiza.

Walipoondoka nilimweleza kwamba ni heshima amepewa. Alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kukunja.

Jumatano, 6 Machi

Naomi amerudi kutoka zamu na habari. Msimamizi wake wa wodi amemwomba asistaafu Aprili, abaki hadi Oktoba. Wauguzi ni haba. Anatakiwa kujibu kabla ya Pasaka.

Nilicheka. Nikamwambia amjibu kwamba Aprili ni Aprili.

Hakucheka. Alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema kwa sauti ya kawaida: "Kama ni kazi, afadhali nifanye ile ninayolipwa."

Nimeudhika. Nimekaa sebuleni peke yangu nikitunga majibu, yote mazuri, na sikuwa na wa kumpa.

Jumapili, 10 Machi

Saa zimesogezwa mbele leo, kama kila mwaka huku. Nusu ya waumini wamefika wakati wa sadaka.

Mchungaji ameitangaza safari mimbarini. Ameiombea. Ameomba magari, madereva, matairi, na kwa namna ya pekee mikono ya dada yetu Naomi itakayotuhudumia njiani. Watu wakasema amina. Nilimtazama Naomi kwa pembe ya jicho. Alikuwa amefumba macho kama wengine. Nisingemjua ningedhani anaomba.

Jambo likishaombewa hadharani, kulirudisha nyuma ni kazi. Nalisema hili kama mtu anayezijua hadhara.

Hajamjibu msimamizi. Sithubutu kuuliza.

Alhamisi, 14 Machi

Imani amekuja kula. Hutuelewa tukisema Kiswahili, hujibu kwa Kiingereza, ndivyo alivyokulia. Nilimweleza mipango. Nilimweleza kwa ufasaha, pamoja na fulana.

Alisubiri mama yake aende jikoni. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno: "Baba, Mama hakuomba watu. Alikuomba wewe."

Nilimwambia kwamba haelewi maisha ya jumuiya. Kwamba watu hawa ndio waliotupokea tulipofika bila makoti. Ni kweli, na nilikuwa sahihi, na nilikuwa na hasira. Akarudi kwenye Kiingereza akasema sawa, Baba, akaenda kumsaidia mama yake vyombo. Niliwasikia wakicheka huko. Nilipoingia waliacha.

Nimeumia. Sitalipamba.

Jumapili, 17 Machi

Hatukwenda ibadani. Naomi alikuwa ametoka zamu ya usiku. Mimi nilisema nina mafua. Sina mafua.

Alipoamka nilimpa chai, nikamwomba anisimulie Chalbi. Alinitazama kama mtu anayepima homa. Kisha akasimulia.

Zahanati ilikuwa ya vyumba viwili na paa la bati. Kabla wagonjwa hawajafika, alikuwa akitoka peke yake, anatembea hadi ukoko mweupe wa chumvi unapoanzia, anakaa chini. Hakuna ndege. Hakuna upepo saa hiyo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na ushee, na mwaka huo alikuwa amemzika mama yake. Nyumbani watu walikuwa wamejaa miezi, wakimfariji, wakiimba, wakihutubia. Wema mtupu. Hakupata kulia. Alilia Chalbi, asubuhi moja, akamaliza, akarudi kufungua dirisha la dawa. Anasema hajawahi kuwa na raha kama asubuhi ile.

Tumeoana miaka yote hii. Nilijua alifanya kazi huko. Nilijua jina la zahanati. Nimelitaja katika hotuba.

Nilimwuliza kwa nini hakusema lolote siku ile ukumbini, au siku ya kamati. Alijibu kwamba alisema, kwa namna yake: alinyamaza.

Kisha, bila ukali wowote: "Baba Imani, wewe watu wakinyamaza hudhani wanangoja uendelee."

Nilikunywa chai yangu ikiwa imepoa.

Jumatano, 20 Machi

Nimekwenda St. James Town kumwona Mzee Gideoni kwake ghorofani. Ndivyo inavyotakiwa: jambo zito halifumuliwi ukumbini kabla mlezi hajalisikia faraghani. Lifti moja kati ya mbili ilikuwa imekufa. Nilipanda na watu wenye magodoro.

Nilimwambia kwamba nataka kujitoa na kumtoa Naomi. Hakufurahi. Alisema nimewatia watu njaa, sasa nafunika sufuria. Alisema kwamba ameshanunua kofia, akaileta nione. Kofia nzuri, pana. Alisema watu watasema mke wangu anajivuna.

Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nikiliogopa. Nilikuwa nimeandaa njia ya kulikwepa: ningesema daktari amenikataza mwendo mrefu. Uongo mdogo, unaosimama vizuri. Mzee angeupokea na kuniombea.

Nikamwambia ukweli. Kwamba safari ilikuwa ya Naomi. Kwamba aliniomba mimi peke yangu, na mimi nikaigawa mbele ya watu kama mandazi. Kwamba asipokwenda hivyo alivyoomba, atabaki wodini, na nitakuwa nimemrudisha huko kwa mkono wangu.

Mzee alikaa kimya. Nilikuwa karibu kuendelea. Nikajizuia.

Mwishowe akasema: "Basi kaseme mwenyewe. Usiniachie mimi wala mkeo." Na akauliza kama bado wanaweza kupitia Las Vegas.

Jumamosi, 23 Machi

Nimeandika hotuba ya kesho. Kurasa nne. Nimeisoma kwa sauti bafuni. Ilikuwa na Musa, ilikuwa na Eliya, ilikuwa na wake wema wa Mithali. Ilikuwa inamsifu Naomi kiasi kwamba angetamani sakafu impokee.

Nimeichana.

Nilimweleza Naomi nitakalofanya. Alikuwa akipaka mafuta mikono. Ngozi yake hupasuka kwa kunawa kila mara. Nilimwomba anishauri. Aliwaza kidogo.

"Iwe fupi," akasema.

Alilala na simu yake chini ya mto. Bado hajajibu. Kesho kutwa ni zamu yake, na msimamizi anasubiri.

Jumapili, 24 Machi. Jumapili ya Matawi

Jioni. Nyumba imetulia. Naomi ameoga, amevaa soksi nene, anasoma. Saa moja iliyopita alimwandikia msimamizi wake mistari miwili na akaniletea niione kabla ya kuituma: anashukuru, na siku yake ya mwisho ni ileile, mwisho wa Aprili. Sikuongeza wala kupunguza neno.

Ukumbini haikuwa rahisi. Nilipomaliza pakawa na kimya kizito, na mara hii nilijua si kile ninachokipenda. Mtu mmoja nyuma alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kumbe wengine sisi ni wa kubebeshwa spika tu. Mchungaji alitazama viatu vyake. Alikuwa ameshaombea matairi. Kisha Mama Salome akasema mwenyekiti anatoroka na bibi harusi mchana kweupe, na mahari hatujaiona. Watu wakacheka, si wote. Walimchagua yeye mwenyekiti mahali pangu. Ataongoza vizuri kuliko mimi, na kwa kelele zaidi. Watakwenda Septemba. Njiani kuelekea kwenye gari alimshika Naomi mkono akamwambia: "Dada, ungesema." Naomi akamwambia ajifunze kupima sukari, atamfundisha, ni jambo la nusu saa.

Naandika hapa nililosema, kwa kuwa ndiyo hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na huenda nisiikumbuke:

Mchungaji wetu, Mlezi wetu Mzee Gideoni, Katibu, wazee, akina mama, vijana. Mwezi uliopita nilisimama hapa nikawapa safari ambayo haikuwa yangu kuitoa. Ilikuwa ya mke wangu. Aliniomba twende wawili, mahali pa kimya, apumzike. Mimi nikamfanya muuguzi wa msafara. Hakuwakataa ninyi, wala hakuulizwa. Kosa ni langu, na msilipeleke kwake. Tarehe kumi na moja Mei mimi na Naomi tutaondoka, sisi wawili, bila kundi na bila simu. Leo nakiacha kiti cha kamati. Naomba mchague mwenyekiti mwingine sasa hivi, kabla vikombe havijaondolewa, na mpange safari yenu, siku yenu na njia yenu.