Maneno Ambayo Mgombea Hakuyasema

Berea, Johannesburg
24 Novemba

Mpendwa Mjomba Théodore,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama Victorine na wote wanaolala chini ya paa lako hapo Kalemie. Goti lako linaendeleaje? Nasikia asubuhi unatembea bila fimbo, ila jioni linavimba. Na Gaëlle, kile kikohozi kimemwacha?

Sisi tuko wazima. Mama bado anashona kule Doornfontein, ingawa siku hizi ananiita mimi nimtungie uzi kwenye sindano. Mvua ya mawe imepiga wiki nzima, na dirisha la jiko tunalotumia pamoja na majirani limepasuka. Nimemaliza mitihani ya mwaka wa tatu na nasubiri matokeo bila hofu kubwa. Hofu yangu iko kwingine, na ndiyo iliyonikalisha niandike.

Mama ameniambia kwamba uchaguzi ukipita wewe utawatoa watoto shule na kurudi nao kijijini kwetu Lubonja, mpande kabla mvua hazijaisha. Alinieleza kwa furaha. Anasema uliamua siku ileile alipokupigia simu kukuhadithia mdahalo wa wagombea urais, uliposikia Gavana, mmoja wa wagombea, ameahidi kwamba ndani ya siku mia moja wanajeshi watasimama kwenye barabara ya milimani na kila mtu atarudi shambani kwake. Mjomba, naomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujafunga hata mzigo mmoja. Gavana hakuahidi hivyo. Niliyeahidi ni mimi.

Unajua kwamba kanisani kwetu mimi ni mkalimani. Mchungaji Parfait huhubiri kwa Kifaransa, nami husimama ubavuni pake nikigeuza kwa Kiswahili, maana wengi wetu tuliotoka mashariki tulikimbia kabla ya kumaliza shule. Mkalimani wa kanisa hageuzi maneno peke yake. Mchungaji akiinua mkono, nami nainua; sauti yake ikilia, yangu hulia. Na akiiacha sentensi katikati kwa sababu pumzi imemwishia, mimi huimalizia. Nimefanya hivyo miaka minne. Watu husema amina kwa maneno ambayo mara nyingine ni yangu, na hakuna aliyewahi kuliona kuwa kosa, hata Mchungaji mwenyewe.

Jumapili ya tarehe tisa mdahalo ulirushwa alasiri, na Mchungaji akaweka skrini kubwa ukumbini tuutazame pamoja. Wagombea walizungumza Kifaransa, kwa hiyo watu wakaniita mbele. Nikashika maikrofoni ileile, nikasimama palepale ninaposimama siku zote.

Wagombea walikuwa watatu. Mmoja aliwahi kuwa gavana, mtu mwenye sauti nzito, anayeanza kila jibu kwa kumshukuru aliyemuuliza. Wa pili ni mwanasheria mzee, mwembamba, ambaye muda wake mwingi uliishia katika kuwashtaki wenzake. Wa tatu ni mama mmoja daktari, aliyeongea polepole huku akitazama karatasi zake.

Katikati ya mdahalo mwanamke mmoja kwenye skrini aliuliza waliokimbia mashamba yao mashariki watarudi lini. Hata vijana wa viti vya nyuma, ambao huongea Kizulu wao kwa wao, waliacha kunong'ona. Daktari ndiye aliyejibu kwanza, akajibu kwa kirefu, nami nikalikusanya jibu lake lote katika maneno machache: anasema bado hajui. Mzee Karimu, fundi viatu, akauliza kwa sauti sasa huyo mama amekuja kufanya nini, na watu wakacheka.

Kisha Gavana akaanza, muda wake ukaisha, mwendeshaji akamkata kauli. Mimi hakuna aliyenikata. Niliendelea na wanajeshi, na barabara, na mashamba, na mkono wangu ukiwa juu. Ukumbi ulisimama. Mwishoni Mchungaji alipotaka watu wanyooshe mikono kwa aliyefanya vizuri zaidi, karibu yote ilikuwa ya Gavana. Wa Mama ulikuwa wa kwanza, na wangu ulikuwamo.

Tulirudi nyumbani na Zubeda, jirani yetu wa Tanga, ambaye alikuja kumsindikiza Mama tu. Tulipokuwa tumesimama kwenye taa za barabarani alinigeukia. "Mwenzangu, yule bwana kasema maneno matatu, wewe umetoa hotuba nzima. Ulikuwa unatafsiri au unahubiri?" Mama akamjibu kwamba Kifaransa ni lugha fupi. Tulicheka wote watatu.

Siku mbili baadaye ndipo niliposikia uamuzi wako, na kicheko kile kikanirudia vibaya. Niliutafuta mdahalo kwenye simu, nikavaa vifaa vya masikioni, nikaandika kila jibu kama lilivyosemwa. Ilinichukua siku tatu. Sasa najua nilivyowahukumu, na nilivyopaswa kuwahukumu.

Mwanasheria, pamoja na kelele zake zote, ndiye pekee aliyekiri kwamba serikali aliyoitumikia ilishindwa kuwalinda watu wa milimani. Alilisema hilo katikati ya ugomvi, nami nikaliruka. Gavana aliulizwa maswali tisa, akajibu mawili. Yaliyobaki aliyashukuru. Na Daktari, yule tuliyemcheka, haya ndiyo aliyosema: "Siwezi kuwapa tarehe. Wanajeshi walioandikwa kwenye orodha ni wengi kuliko walioko milimani. Mpaka tujue idadi yao ya kweli, anayewaambia watu warudi mwezi fulani anawapeleka kufa." Katika saa mbili zile hakukuwa na jibu bora kuliko hilo. Mimi nililitupa mbele ya watu mia moja kwa sababu halikuwa na utamu mdomoni.

Nimejiuliza kwa nini. Sikulipwa na mtu, wala simpendi Gavana kuliko wengine. Nilikuwa na miaka tisa tulipoondoka Lubonja, na tangu hapo nimekuwa nikingoja mtu mkubwa aseme kwamba tunaweza kurudi. Alipolikaribia neno hilo sikuweza kuvumilia aliache. Hayo ni kweli, lakini si yote. Ukumbi uliposimama nilijua ni mimi niliyeusimamisha, na nilifurahi.

Nilimweleza Mama. Aliendelea kushona, kisha akasema, "Hata kama hakusema, alikuwa anataka kusema. Wewe ulimsaidia tu." Nilipomwomba akupigie simu akurekebishie, aliuliza amwambie nini ndugu yake, kwamba hakuna kitu? Usimkasirikie, Mjomba. Anatamani mtu mmoja wa damu yake akawashe tena moto katika nyumba ile, na anajua yeye hatakuwa huyo mtu.

Jana nilisimama kanisani kusema niliyoyafanya. Mchungaji hakutaka mwanzoni. Aliniuliza watu wakikosa imani na mkalimani watalisikiaje Neno. Mwishowe aliniruhusu. Nilionyesha kipande kile, nikatafsiri neno kwa neno, nikanyamaza aliponyamaza mwenye kusema. Mzee Karimu aliomba jibu la Daktari lirudiwe, kisha lirudiwe tena. Dada mmoja wa kwaya alisema wazi kwamba watu wa Daktari wameninunua. Baada ya ibada Mchungaji aliniambia nipumzike kutafsiri hadi Pasaka. Nilimwambia ndiyo, Mchungaji, na nililia baada ya kufika nyumbani.

Sikuandikii kukuambia umpe nani kura. Kura ni yako. Wala sisemi kwamba barabara ni mbaya, maana sijaiona tangu utotoni. Kama kuna watu waliopita huko mwezi huu kwa miguu yao, wasikilize wao kuliko Gavana na kuliko mimi. Lakini kama ni ahadi ile iliyokuamsha, basi usiwatoe Exaucé na Gaëlle shule kwa ajili yake. Ni maneno ya msichana aliyekuwa Johannesburg, amesimama penye usalama, akishangiliwa.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini simu yako husikilizwa na ua mzima, nami kwenye simu huharakisha kumpendeza anayenisikiliza. Barua hii nimempa ndugu Joël, anayeondoka Alhamisi kwa njia ya Lubumbashi. Nimemwomba akukabidhi wewe mkononi.

Msalimie sana Mama Victorine, umwambie sijasahau ugali wake wa muhogo. Msalimie Exaucé, na Gaëlle umbusu. Mama anawasalimu kwa mapenzi yaleyale. Zubeda hamjamwona, lakini naye anasema salamu. Mungu awafunike nyote, alinde miguu ya kila anayetoka mlangoni mwako na ya kila anayeingia.

Jambo la mwisho. Jibu la Gavana nakuandikia hapa lote, nimelisikiliza zaidi ya mara ishirini. Tafadhali msomee Mama Victorine kama lilivyo, na ukifika mwisho wake unyamaze, usimmalizie:

"Nakushukuru, mama, kwa swali hili zito. Watu wetu wa mashariki wameteseka mno. Katika siku zangu mia moja za kwanza nitakaa na wakuu wa jeshi, na ile barabara ya milimani"

Mpwa wako akupendaye na anayekuomba msamaha,
Murielle