Kwa Mwanangu Aliye Njiani Kuja Kariakoo

Mwanangu Nasri,

Umenipigia simu ukasema, "Mama, nimeshapanda," kisha ukakata kabla sijakuuliza umepanda na nani. Najua. Umepanda peke yako. Ndiyo makubaliano yetu, na mimi ndiye niliyeyatamka, hakuna aliyenilazimisha. Sasa nimekaa dukani kati ya zipu na vifungo, miguu inataka kwenda kituoni na mdomo umeshaahidi kwamba haitakwenda. Ndiyo maana nakuandikia. Mikono ikiwa na simu, angalau haitatafuta viatu.

Kile kidude chako cha kwenye simu kitakusomea barua hii kwa lafudhi yake ya mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege leo asubuhi. Nilipokisikia mara ya kwanza kikisoma Kiswahili nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaona wivu. Miaka yote msomaji wako nilikuwa mimi.

Najua utawasikilizisha na wenzako wa hosteli, kwa hiyo niwaeleze. Mwanangu haoni tangu kabla hajaanza shule. Yuko mwaka wa pili, anasoma sheria. Kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu hapo chuoni kimemtafutia nafasi ya kwenda fildi Mwanza, miezi miwili kwenye ofisi ya mawakili, na chumba cha kukaa kimepatikana. Akaja kuniambia, "Mama, siendi bila radhi zako." Nikamjibu, "Njoo dukani kutoka chuoni peke yako, bila mtu kukushika mkono. Ukifika, tutazungumza Mwanza. Ukishindwa, fildi utafanya hapahapa Dar." Nilisema hivyo nikiamini hataweza. Naandika wazi, sioni haya.

Unakumbuka treni? Ulishika ncha ya mtandio wangu kwa nyuma, mimi mbele, wewe nyuma, tukipita katikati ya maboksi na mikokoteni na spika za wauza nguo. Wapagazi wa Mtaa wa Sikukuu wakituona tu walipaza sauti, "Pisha treni! Pisha treni ya Mama Nasri!" Na watu walipisha kweli. Wewe ulipiga honi kwa mdomo. Mtandio ule wa kijani ulitatuka ncha kwa kushikwa, nikaushona, ukatatuka tena, nami sikununua mwingine.

Na kusoma je? Ulipofika kidato cha tano, vitabu vya nukta nundu vilikuwa vya kugombania, kwa hiyo kila likizo nilikusomea mimi hapa kaunta. Mteja anataka uzi mweusi, namwambia asubiri kidogo, tuko kwenye Vita vya Majimaji. Mzee Chuwa wa duka la mabegi hapo jirani alikuja na kigoda chake kabisa. Siku niliyoumwa alikuja hadi nyumbani kuniuliza, "Mama Nasri, pole sana. Lakini niambie, Wajerumani wamefika wapi? Huwezi kuniacha hivi."

Siku ya kukupeleka chuo nilibeba mkeka. Mwalimu Neema, yule anayewafundisha kutembea kwa fimbo nyeupe, akautazama, akaniuliza kwa adabu, "Mama, huu mkeka ni wa nani?" Nikamwambia ni wangu, nitalala popote. Akasema, "Mama yangu, kupotea njia ndiko kujua njia. Ukimshika kila siku, huyu atapotea lini?" Nilimchukia papo hapo. Nikamwambia methali hiyo ilitungwa na watu wenye macho. Akacheka tu, akakukabidhi fimbo, mkatoka nje, na mimi nikabaki kwenye benchi na mkeka wangu.

Sisemi chuo chenu kimemaliza kila kitu. Wanakupa muda wa ziada kwenye mtihani, wanageuza vitabu viwe vya kusikiliza, lakini vingine vinakufikia wenzako wakiwa wameshavisahau. Walichimba mtaro mbele ya darasa bila kuweka hata kamba, ukatumbukiza mguu, na mimi nikaambiwa kidonda kilipokwisha kupona. Nilishavaa viatu nije. Ukasema, "Mama, usije. Nimeshawaandikia." Na mtaro ukafunikwa.

Halafu yule mhadhiri anayeandika ubaoni na kusema, "Kama mnavyoona, hii inakwenda pale." Nilikuwa nimeshamwandalia maneno, mengine si ya kuandikwa hapa. Wewe ukanyoosha mkono: "Samahani mwalimu, hii ni ipi, na pale ni wapi?" Anaeleza, anasahau, unanyoosha tena. Haukupita muda akawa anasoma kwa sauti kila anachoandika, na darasa zima likakushukuru. Kumbe hata wanaoona walikuwa hawausomi mwandiko wake. Ulinisimulia ukicheka. Nami nilicheka, lakini usiku wake niliwaza: huyu amepata lini ulimi wa kujitetea, mbona sikuwepo?

Sasa utakuwa Magomeni. Bado kidogo Jangwani. Mbingu imekunja uso kidogo upande huo, na moyo ukanirukaruka kwa furaha: Jangwani ikijaa maji, mabasi hayapiti, utarudi zako chuoni na Mwanza itakuwa imekwisha. Kisha nikaona aibu. Mama gani anaombea mafuriko?

Mwanza hawakujui, Nasri. Hilo ndilo linaloninyima raha. Hapa hata vibaka wanakujua, na mmoja aliwahi kukuokotea simu yako akakurudishia. Wewe unasema tatizo ni hilohilo, kwamba huku kwetu mtu hukukamata mkono kwanza, kukuuliza unakwenda wapi ni baadaye. Nimewapitia wote asubuhi, wapagazi, wauza viatu, hadi mama wa chapati, nimewaambia leo asikuguse mtu. Mzee Chuwa nimemwapisha. Amekuja mara mbili kuuliza kama umefika, na mara zote mbili nimemfukuza.

Jua limetoka tena. Utakuwa umepita kituo cha Fire. Nimekaa. Nitakaa.

*

Nimeishika tena simu. Magharibi imepita, duka nimefunga, na wewe uko kwenye basi unarudi chuoni, peke yako tena. Yaliyotokea mchana unayajua. Lakini kuna kitu huwezi kukijua mpaka nikwambie, na kazi ya kukueleza ninachokiona nimeifanya tangu ukiwa mdogo. Leo siiachi.

Sikukaa. Nilimwachia mzee Chuwa duka nikamwambia nakwenda kuswali adhuhuri. Alinitazama tu, maana hata adhana ilikuwa bado. Nikaenda kujibanza kwenye nguzo ya ghorofa moja pale kituoni Msimbazi.

Ukashuka. Ulivaa shati la bluu, kola imesimama upande mmoja, na mkono wangu ukataka kuilaza. Ukasimama ukingoni, kidevu juu, unasikiliza barabara. Mwanamume mmoja akakukamata mkono. Ukamtoa taratibu, ukamwambia neno nisilolisikia, akacheka, akakuacha. Kisha ukavuka. Mimi nilifumba macho, kwa hiyo kuvuka kwenyewe siwezi kukusimulia. Nilipofumbua ulikuwa upande wa pili, fimbo imegonga boksi la viatu, mwenye boksi analivuta pembeni bila kusema kitu.

Ndipo ukaanza kutembea, na hiki ndicho ninachotaka ukijue. Unatembea kama marehemu baba yako. Mabega nyuma, hatua ndefu, mtu aliyechelewa na hataki watu wajue amechelewa. Nilikuwa sijui kama una mwendo wa baba yako. Ningejulia wapi? Miaka yote ulikuwa nyuma yangu, umeshika mtandio, unatembea mwendo wangu.

Nililia pale kwenye nguzo, nakiri. Halafu nikaanza kukufuata. Haikuwa kukulinda, naapa. Nilitaka kuutazama ule mwendo. Nikawa nyuma yako kimyakimya, na ningefika hivyo mpaka dukani, kama si wapagazi wa Sikukuu. Niliwaambia wasikuguse, sikuwaambia wafunge midomo. Wakapaza sauti yao ileile: "Pisha treni! Leo kichwa kimebadilika, mama yuko nyuma!"

Ukasimama. Nami nikasimama.

"Mama."

Nikaushika mtandio wangu mwenyewe.

"Mama, rudi dukani basi, nikukute."

Hukukasirika. Hilo ndilo lililonimaliza. Uliniomba kama mtu anavyomwomba mwenyeji wake. Nikageuka nikakimbia, mwanamke wa umri wangu, mtandio mkononi, nikapita uchochoro wa nyuma, nikamtoa mzee Chuwa kwenye kiti changu, nikakaa. Wewe uliingia kwanza kwenye duka lake. Mzee Chuwa, ambaye sijawahi kumsikia amenyamaza, alisimama kizingitini kwangu amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Ukanusa yale mabegi mapya, ukatikisa kichwa, ukarudi nyuma.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona unahema?"

"Swala ilikuwa ndefu."

Mzee Chuwa ndiye aliyecheka wa kwanza, akatoka nje akawatangazia mtaa mzima kwamba umefika, kana kwamba alikubeba yeye.

Tulikula, tukaongea habari za watu wengine. Mwanza hukuitaja, nami sikuitaja. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitatoa sharti jingine, na nilikuwa nalo tayari, lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi. Ulipoaga sikutoka hata mlangoni. Nilishika kiti. Muulize mzee Chuwa.

Sasa mwambie huyo mtalii wako asome polepole.

Nenda Mwanza. Radhi zangu zote unazo, na sharti lile nimelimeza. Mkeka hautoki nyumbani. Usidhani kwamba nimetulia. Sijatulia, sitatulia, nitaamka alfajiri nikiwaza mitaro ya Mwanza na nani ameisahau wazi. Hiyo ni kazi yangu, iache kwangu.

Lakini nakuomba jambo moja. Mimi Mwanza sijawahi kufika. Ukifika, nipigie jioni nikishafunga duka, nikae kwenye kigoda cha mzee Chuwa, uniambie kukoje: ziwa linasikikaje, watu wanasalimianaje, ofisini unapandaje ngazi. Usiruke hata kidogo. Nimekusomea dunia miaka mingi, baba. Sasa nisomee wewe.

Na ukishuka kwenye basi huko, kola ilaze, pande zote mbili.

Ni mimi mama yako,
behewa la nyuma, lililobaki Kariakoo.